Gamba la nyoka halivuliwi kwa mkono: jua anavyojivua na namna ya kumsaidia akikwama

Aprili 2011, CCM ilipotangaza kwamba inajivua gamba, msemo huo ulisambaa kwenye vijiwe, daladala na magazeti ya nchi nzima. Mpaka leo mtu akifukuzwa kwenye kundi, utasikia "tumejivua gamba".

Lakini hebu muulize mtu nyoka mwenyewe anajivuaje gamba. Wengi watakujibu, "Linatoka tu."

Kumbe halitoki tu. Ni kazi ya wiki moja hadi mbili. Katikati ya kazi hiyo nyoka anakaa siku kadhaa haoni vizuri, na ikienda kombo anaweza kupoteza jicho au ncha ya mkia. Na mara nyingi anayemharibu ni binadamu aliyekuja kumsaidia kwa pupa.

Makala haya ni kwa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale wanaotunza nyoka kwa kibali, mfano kwenye bustani za nyoka. Wa pili ni wewe unayeishi sehemu kama Endulen, kule Ngorongoro, ambako hufugi nyoka lakini nyoka ni jirani yako, na asubuhi moja unaweza kukuta gamba lake limening'inia kwenye miiba ya boma.

KWA NINI AJIVUE?

Ngozi ya juu ya nyoka imetengenezwa kwa keratini, yaani kitu kilekile kinachotengeneza kucha na nywele zako. Ni ngumu na haikui. Nyoka akinenepa au akirefuka, ngozi ile inambana, na pia inachakaa kwa kuburuzwa kwenye mawe na mchanga kila siku.

Hata wewe unabadilisha ngozi, ila yako inatoka vipande vidogo sana usivyoviona. Mjusi anatoka mabaka mabaka. Nyoka mwenye afya anatoa lote kwa mkupuo mmoja, kuanzia mdomoni hadi mkiani.

Mtoto wa nyoka anakua haraka, kwa hiyo anaweza kujivua kila baada ya wiki chache. Mkubwa anajivua mara chache kwa mwaka, kutegemea aina yake, chakula, joto na afya.

HATUA NNE ZA KUJIVUA

1. Anafifia. Rangi inapauka na ngozi inakosa mng'ao. Wengi wanaacha kula na wanajificha zaidi.

2. Macho yanakuwa ya bluu. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja linalopitisha mwanga, kama kioo cha saa. Muda wa kujivua ukifika, mwili unatoa majimaji kati ya ngozi kuukuu na ngozi mpya ili ziachane. Majimaji hayo yakifika machoni, jicho linakuwa na ukungu wa bluu au kijivu. Hapo nyoka haoni vizuri, na ndiyo sababu anakuwa mkali: kila kinachosogea karibu yake anakiona ni adui.

3. Macho yanang'aa tena. Baada ya siku kadhaa ukungu unaondoka. Wengi hudhani mambo yameisha au nyoka alikuwa mgonjwa na amepona. Hapana. Ngozi ziko tayari kuachana, na zimebaki siku chache tu.

4. Anavua. Anasugua pua na midomo kwenye jiwe, mti au gogo mpaka gamba lipasuke mdomoni. Kisha anajipenyeza sehemu zenye kukwaruza, gamba linashika, yeye anasonga mbele. Linatoka limegeuka ndani nje, kama soksi unayoivua kwa kuivuta kutoka juu.

KWA NINI WENGINE WANAKWAMA?

Sababu kubwa ni ukavu. Ngozi kuukuu inahitaji unyevu ili iachie. Hewa ikiwa kavu, au nyoka akiwa na kiu, yale majimaji ya katikati hayatoshi. Gamba linashika mwilini kama gundi iliyokauka na linatoka vipande vipande.

Fikiria Endulen kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Upepo wa nyanda za juu, vumbi, midomo inapasuka, miguu inapauka hata ukijipaka mafuta. Nyoka wa porini ana njia zake: anaingia kwenye shimo la mnyama, chini ya jiwe au ndani ya kichuguu, ambako unyevu unabaki. Nyoka aliye kwenye boksi la kioo hana pa kwenda. Anategemea kile ulichomwekea.

Tena mtunzaji wa sehemu za baridi kama Arusha au Karatu ana mtihani mwingine. Nyoka anahitaji joto, kwa hiyo anawekewa taa ya kumpasha. Taa hiyohiyo inakausha hewa. Ukiongeza joto bila kuongeza maji, umemtengenezea tatizo.

Sababu nyingine ni hizi:

• Utitiri. Wadudu wadogo wanaonyonya damu na kujificha chini ya magamba na kuzunguka macho. Ukiona vidoti vyeusi vinatembea, au vimezama kwenye bakuli lake la maji, ndio hao.

• Kovu au kidonda. Ngozi iliyowahi kuungua au kukatwa haiachii vizuri.

• Lishe mbaya au ugonjwa wa ndani.

• Boksi tupu. Kama hakuna jiwe wala gogo, nyoka hana pa kusugulia pua.

• Kushikwashikwa. Ngozi mpya iliyo chini bado laini, na ukimshika kipindi cha macho ya bluu unaweza kuiumiza.

Kwa hiyo nyoka akikwama mara moja, angalia unyevu. Akikwama kila mara, usiishie kumwogesha tu. Tafuta daktari wa wanyama aangalie kuna nini.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Kanuni ni moja: fanya kazi na maji, usifanye kazi na vidole.

KABLA HAJAVUA

Ukiona tu macho yana ukungu, ongeza unyevu. Nyunyiza maji ndani ya boksi mara moja au mbili kwa siku. Weka bakuli la maji ambalo anaweza kuingia mzima. Kifaa cha kupima unyevu hakina bei kubwa na kinakuondolea kubahatisha. Nyoka wengi wanaofugwa wanavua vizuri unyevu ukifika kati ya asilimia 60 na 70, ingawa wa jangwani wanahitaji pungufu na wa misitu ya mvua wanahitaji zaidi.

Njia rahisi kuliko zote ni "shimo la unyevu". Chukua kopo la plastiki lenye mfuniko, toboa tundu ambalo nyoka anapita bila kubanwa, lainisha kingo zake, kisha weka ndani kitambaa safi kilicholoweshwa na kukamuliwa. Nyoka ataingia mwenyewe akihitaji. Umemrudishia kile kichuguu.

Angalizo: loweka shimo, usiloweke boksi zima. Nyoka akilala kwenye matope siku nzima, ngozi ya tumbo inapata malengelenge na kuoza.

Weka jiwe au gogo lenye mikwaruzo, lakini lisiwe na ncha kali. Msimpe chakula kwa lazima, na msimshike.

AKISHAKWAMA

Subiri siku moja baada ya kuvua ovyo, huku unyevu ukiwa juu. Wengi wanamalizia wenyewe.

Asipomaliza, na kama ni nyoka asiye na sumu aliyezoea kushikwa, fanya hivi:

1. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, kama nyuzi joto 27 hadi 30. Pima kwa kiwiko, kama unavyopima maji ya kumwogeshea mtoto. Kiwiko kisihisi moto.

2. Kina kisizidi nusu ya unene wa mwili wake. Anatakiwa aweze kuinua kichwa na kupumzika bila kuogelea.

3. Mwache dakika 20 hadi 30, na usiondoke hapo. Nyoka naye anazama.

4. Mtoe, umpitishe ndani ya taulo lililoloweshwa. Lishike kwa ulegevu, yeye ndiye apite. Mikunjo ya taulo inafanya kazi ya gogo. Gamba litabaki kwenye taulo.

5. Kama halijaisha, rudia kesho yake. Usimalize kwa hasira.

Kama ni nyoka mwenye sumu, habari ya beseni na taulo isahau. Hao wanasaidiwa kwa kubadilisha mazingira tu: unyevu, shimo, bakuli kubwa. Kinachozidi hapo ni kazi ya mtaalamu mwenye vifaa.

MAKOSA MANNE YANAYOMPOFUSHA

• Kubandua gamba kavu. Unaondoka na ngozi mpya iliyo chini. Kinachobaki ni kidonda kibichi, na kidonda kinaleta kovu, na kovu linafanya akwame tena safari ijayo.

• Kuchokonoa jicho. Kile kioo cha jicho kikibaki, watu huchukua kibanio cha nyusi au gundi ya karatasi wakivute. Ukikosea kidogo unang'oa kioo kipya kilicho chini na jicho linaharibika moja kwa moja. Ongeza unyevu, subiri ajivue tena, au mpeleke kwa daktari.

• Kumpaka mafuta ya kupikia, ya nazi au ya mgando. Hayalowanishi ngozi, yanaifunika tu na kushika uchafu.

• Kumweka juani ili "gamba likauke lidondoke". Umefanya kinyume kabisa. Na nyoka akizidiwa na joto anakufa haraka.

KAGUA GAMBA LENYEWE

Nyoka akimaliza, usilitupe kabla hujaliangalia. Anzia kichwani: lazima uone vioo viwili vya macho, mviringo, vimeshikamana na gamba. Ukiona matundu mahali pa macho, maana yake vioo vimebaki kwa nyoka.

Kisha nenda mkiani. Ncha lazima iwepo. Pete ya gamba ikibaki kwenye ncha ya mkia inazidi kubana kadiri inavyokauka na nyoka anavyokua. Damu haipiti, ncha inakuwa nyeusi, inakufa na kukatika.

Osha mikono kwa sabuni ukimaliza. Gamba halina sumu, lakini nyoka wengi hubeba vimelea vya salmonela, na hivyo vinaharisha watu, hasa watoto.

ENDULEN: UKIKUTA GAMBA BOMANI

Sasa tugeukie upande wa pili. Hufugi nyoka, ila umekuta gamba kwenye uzio, nyuma ya nyumba au kwenye zizi la ndama. Linakuambia nini?

Kwanza, halikuambii kwamba nyoka ameondoka. Watu wengi wanapumua wakidhani akivua anahama. Gamba laini lenye unyevunyevu ni la karibuni sana, na mwenyewe anaweza kuwa hatua chache kutoka hapo.

Pili, usipime nyoka kwa gamba. Linanyooka wakati wa kuvuliwa, kwa hiyo gamba siku zote ni refu kuliko mwenyewe. Zile hadithi za "nyoka wa mita nane" nyingi zinaanzia hapa.

Tatu, nyoka anayekaribia kujivua ndiye wa kumwogopa zaidi. Haoni vizuri na hataki kuguswa. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ni mfano mzuri. Huyu hata akiwa mzima hakimbii, anategemea kufanana na majani na udongo, ndiyo maana watu wanamkanyaga.

Kwa hiyo: tembea na tochi usiku hata kama ni ya simu. Usiingize mkono kwenye lundo la kuni bila kuangalia. Ondoa mawe na magogo yaliyorundikwa karibu na mlango. Punguza panya, maana panya ndio wanaomwita. Ukimkuta nyoka, wazuie watoto na mbwa, mpe njia, aende zake.

MAZIWA AU MAJI?

Wamasai wanamwita nyoka olasurai, na uhusiano wao naye ni wa muda mrefu. A. C. Hollis, ofisa Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu Wamasai mwaka 1905, alieleza imani kwamba mganga mkubwa au tajiri akifa na kuzikwa, roho yake hugeuka nyoka na kurudi kuangalia watoto wake. Nyoka wa namna hiyo akiingia nyumbani hauawi, na humwagiwa maziwa.

Huku Kanda ya Ziwa, Wasukuma nao wana vyama vya ngoma vya watu wanaocheza na nyoka, wakiwemo chatu. Ukifika makumbusho ya Bujora, nje kidogo ya Mwanza, utakuta historia yao. Yaani Waafrika Mashariki kuishi karibu na nyoka hakukuanzia mtandaoni.

Imani ni imani, na hii imewaokoa nyoka wengi wasipigwe fimbo. Ila kwa mtunzaji, jua hili: maziwa si chakula cha nyoka. Nyoka mwenye kiu kali anaweza kuyanywa kwa kukosa kingine, lakini anachohitaji ni maji safi. Ukimpa maji, umemsaidia pia na gamba.

SHERIA INASEMAJE?

Kabla hujapata wazo la kumkamata yule wa bomani umweke kwenye ndoo uanze kumnyunyizia maji, soma hapa.

Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nyoka ni mnyamapori. Kumkamata au kumfuga bila kibali ni kosa. Na Endulen iko ndani ya eneo linalosimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, eneo lililoanzishwa mwaka 1959, kwa hiyo usijichanganye: ukiona nyoka amekwama au ameumia, toa taarifa kwa askari wa hifadhi. Kenya nako huwezi kufuga bila kibali, kwa sheria yao ya wanyamapori ya mwaka 2013.

Chatu wa Afrika yuko pia kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo biashara yake kati ya nchi na nchi, ikiwemo ya ngozi, inadhibitiwa.

Ukitaka kuwaona kwa karibu bila kuvunja sheria, ukiwa kwenye basi la Arusha kutoka Karatu utapita Meserani, kama kilomita 25 kabla ya kufika mjini. Pale kuna bustani ya nyoka iliyoanzishwa miaka ya 1990, ambayo imejulikana pia kwa kliniki yake ya kuwahudumia watu walioumwa na nyoka. Ukienda pwani ya Kenya, Watamu kuna Bio-Ken, iliyoanzishwa mwaka 1980 na James Ashe. Waombe wakuonyeshe nyoka mwenye macho ya bluu, hutasahau.

AKIKUUMA

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Linakadiria watu kati ya 81,000 na 138,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo, wengi wao wa vijijini. Kwa hiyo jua haya kwa kichwa:

• Tulia, kaa au lala. Usikimbie.

• Vua haraka bangili, pete, shanga za mkononi na mguuni, na viatu. Mguu ukivimba, shanga zinageuka kamba.

• Tuliza mguu au mkono ulioumwa kwa kuufunga kwenye kijiti, kama uliovunjika. Usiubane.

• Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke jiwe jeusi, usimwage mafuta ya taa.

• Ukitemewa sumu machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu. Usisugue.

• Wahi kituo cha afya. Mtu mwingine apige simu mbele aulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili msipoteze saa mbili barabarani kwenda pasipo nayo.

• Usimfuate nyoka ili umuue uende naye. Kama kuna picha iliyopigwa kwa mbali, inatosha.

KWA UFUPI

Nyoka anajua kujivua gamba. Kazi ya mtunzaji ni kuhakikisha ana maji, unyevu, pa kujificha na pa kujisugua, kisha atoe mikono. Kazi ya mwenye boma ni kumpa njia.

Mtumie makala haya yule rafiki yako anayependa kuposti video za nyoka, na yule wa nyumbani anayeenda zizini usiku bila tochi.